Nilipomwozesha Binti wa Mkubwa wa Besiboli

Ndunda, dereva wetu, alikuwa ameshawasha gari. Sanduku la Yasin liko kwenye buti, mlango wa nyuma uko wazi, mguu mmoja wa ndugu yangu uko ndani na mwingine uko chini kwenye vumbi la Majengo, Machakos. Simu iko sikioni. Siku ya nikaha ya binti yake, na mwenye binti anaondoka.

Mlionifuata wiki zote hizi mnamjua Yasin. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Alienda Amerika kusoma, akaanza kwa kuokota takataka kwenye viti vya uwanja wa besiboli, akapewa kazi ya kutazama kanda za mechi, akapewa ofisi, mpaka leo ni naibu meneja mkuu wa timu ya kulipwa. Wiki jana niliwaeleza vile alikuja katikati ya msimu, jambo ambalo hajawahi kufanya, ili amwozeshe Zamzam. Na vile simu ililia tukitoka kuswali alfajiri, mimi na yeye, viatu bado mkononi.

Kwa wanaonikuta hapa leo: besiboli ni mpira wa kupigwa na rungu. Mtu mmoja anarusha, mwingine anapiga, wengine wengi wanasimama. Pale Majengo hakuna anayeujua. Jirani yetu Mutindi, anayeuza uji pale kona, ameniuliza mara nyingi kama Yasin anacheza. Namwambia hachezi. Basi anafanya nini? Ananunua wachezaji, anauza wengine.

"Kama wewe na mbuzi," Mutindi akasema.

"Kama mimi na mbuzi."

Jibu hilo nililipenda sana. Nimekuwa utingo wa lori, mpishi wa kambi ya barabara, mlinzi wa nyumba za watu kule Syokimau, lakini kazi niliyoijua ni udalali wa mbuzi, toka Moyale mpaka Garissa. Nikisikia ndugu yangu ni dalali kama mimi, roho inatulia. Halafu inakumbuka ile nyumba ya ghorofa aliyojenga, na mimi nalala chumba cha uani, na haitulii tena.

Sasa ile simu. Kule kwao, mwisho wa Julai kuna siku ambayo ikipita, timu haziruhusiwi tena kubadilishana wachezaji. Yasin alikuwa amepanga kumpata mrushaji mmoja mkali. Mpango ukavunjika usiku wa kuamkia nikaha. Mwenye timu akasema anamtaka Yasin mezani, si kwenye simu.

Habiba, mkewe, aliuliza kama nikaha haiwezi kufungwa asubuhi hiyo hiyo. Haikuwezekana. Wazee wa bwana harusi walikuwa bado barabarani kutoka Garissa. Na Ustadh Ramzi alisema waziwazi kwamba nikaha ya kwenye simu yeye hataifunga. Baba kama hayupo, aweke wakili.

Baba akaniweka mimi. Mnataka kujua vile aliniweka?

Mguu mmoja ndani ya gari, alikuwa anamalizia kuongea na mchezaji fulani. Kiingereza kile kidogo nilikielewa: tumekubadilisha, unaenda timu nyingine, asante kwa kazi yako. Akakata. Akanigeukia na sauti ile ile.

"Kaka, leo utasimama badala yangu. Umwozeshe Zamzam. Ustadh ameshasikia, ni shahidi. Asante."

Habiba alikuwa mlangoni na mikono ya unga. Huyo mwanamke alikwenda Amerika mwaka mmoja, baridi na upweke vikamrudisha, na tangu hapo ana mume kuanzia Novemba hadi Januari, wakati uwanja wao umefungwa. Majirani wanamwita mke wa msimu. Hata yeye hucheka.

"Nenda, Baba Zamzam," alimwambia. "Hata ukikaa utakuwa kwa simu."

Ndunda akaondoa gari.

Mtadhani nilifurahi. Kile kiti cha kuozesha nilikuwa nimekitamani. Mimi ndiye nilimfundisha Zamzam kuendesha baiskeli. Alipovunjika mkono, mimi ndiye nilimbeba hadi hospitali ya kaunti. Kila nikirudi safari nilimletea nyirinyiri, ile nyama ya kukaushwa na kukaangwa, kwenye mkebe, na anakimbia barabara nzima akiniita Baba Mkubwa. Kiti nilikitaka. Lakini nilitaka kupewa kwa sababu ni changu, si kwa sababu mwenyewe ana ndege ya kupanda.

Nikaenda chumbani, nikavaa kanzu, nikajisemea maneno ya kuozesha mpaka nikayashika.

Wageni wakafika baada ya adhuhuri. Mbele yao Mzee Khadar, babake Nur, bwana harusi. Khadar tunajuana. Nimemtafutia mbuzi miaka mingi na tumegombana juu ya kila mbuzi.

"Yahya, dalali mwongo," akanisalimia. "Bado unaishi?"

"Nakusubiri wewe utangulie."

Tukacheka, tukashikana mikono. Nikajua siku yangu imeanza. Halafu neno lililofuata kinywani mwake: Yasin yuko wapi?

Nikaeleza. Kila mzee aliyeingia, nikaeleza. Yasin yuko wapi, na kweli ni mkubwa wa wazungu, na kweli anamwambia mzungu nenda na mzungu anaenda. Yasin alikuwa ameacha katoni ya kofia za timu yake, zile za kibao mbele. Wazee wa Garissa, ndevu nyekundu za hina, wakavua kofia zao za kitani wakavaa za besiboli. Mutindi alichungulia dirishani akaniuliza kama ni nikaha au ni timu imekuja kufanya mazoezi.

Yote hayo ningeyameza. Kilichonishinda ni simu.

Mmoja wa vijana alisema si vizuri baba akose kuona. Akampigia Yasin kwa picha, simu akaiegemeza kwenye birika la kahawa, pale pale mbele yangu. Uso wa ndugu yangu ukatokea, uko uwanja wa ndege, viti nyuma yake. Wazee wakaanza kuinama mmoja mmoja kuisalimia simu. Mzee wa watu na goti lake bovu anapiga magoti kwenye zulia analiambia birika asalamu aleikum. Mimi niko hapo, nyama na damu, wananiruka kama mto.

Yaani hata akiondoka, yuko.

Baada ya alasiri Ustadh akaenda chumba cha wanawake kumuuliza Zamzam kama ameridhia. Akarudi akasema ameridhia. Akasoma hotuba ya ndoa. Nikaketi uso kwa uso na Nur, kijana mpole anayeuza dawa za mifugo, nikamshika mkono wa kulia. Ustadh akanikumbusha niseme nini: nimekuozesha Zamzam binti Yasin, kwa uwakala wa baba yake, kwa mahari mliyokubaliana.

Nikaitazama simu. Yasin alikuwa amegeuza uso pembeni, anaongea kwenye simu yake nyingine. Mkono wake unakata hewa vile hufanya akibishana. Binti yake anaozwa, yeye anatafuta mrushaji.

"Nimekuozesha Zamzam binti Yahya," nikasema.

Ustadh Ramzi aliinua kichwa. Hakuwa na hasira, alidhani uzee.

"Rudia, mzee wangu. Zamzam binti nani?"

Chumba kikanyamaza, na ule ukimya Yasin akausikia huko aliko. Akageuka. Tangu asubuhi ilikuwa mara ya kwanza ananitazama mimi, si saa yake.

"Binti Yahya," nikasema.

Ya kwanza ningeweza kudanganya kwamba ni ulimi. Ya pili niliisema nikimwangalia machoni. Nilitaka mara moja tu katika dunia hii jina langu likae mahali jina lake linakaa, na yeye asikie.

Alisikia. Simu ikazima.

Nur hakuelewa, mkono wake ulikuwa bado mkononi mwangu. Babake ndiye aliyeutoa. Aliutoa polepole, akauweka kwenye goti la kijana kama mtu anayerudisha kitu dukani.

Lazima mjue jambo moja kuhusu hawa watu wa Khadar. Mtoto wao kabla ya kujua kusoma anajua jina la babake, na baba wa babake, na kurudi nyuma hivyo mpaka umchoke. Ndiyo kitambulisho chao. Wanaweza kusamehe kasoro kwa mbuzi. Kwa jina la baba hawasamehe.

"Yahya," akasema, na safari hii bila mzaha. "Mimi nilipeleka jina nyumbani. Wazee waliniuliza binti nani, nikawaambia Yasin, na babake, na babu yake. Wakasema sawa, twende. Sasa wewe unaniambia jina ingine, tena mara mbili, na baba amefunga simu. Kabla huu mkono haujarudi, mtu aniambie. Huyu msichana ni wa nani?"

Ndipo nikaelewa nimefanya nini.

Wallahi sikuwa nimemfikiria Habiba. Nilimfikiria Yasin peke yake, vile nimemfikiria tangu tukiwa watoto. Lakini nilitazama zile nyuso nikaona kila mzee anapiga hesabu yake: mume yuko Amerika, shemeji analala uani, na shemeji anasema mtoto ni wake. Wakavua zile kofia za besiboli, mmoja, halafu mwingine, wakaziweka kwenye zulia.

Na ni uongo. Nawaambia ninyi kama nilivyomwambia Mungu: Habiba sijawahi kumgusa hata bega.

Pazia la wanawake likafunguka. Habiba akatoka, akapita katikati ya wanaume, kitu ambacho kwetu hakifanywi siku kama hiyo, akasimama mbele yangu.

"Shemeji, niangalie," akasema. "Hawa wazee hawakuangalii wewe. Wananiangalia mimi. Basi sema, wasikie."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi ya kujificha: nimechanganyikiwa, nimezeeka, nilikusudia binti yetu sote. Nikamwona vile amesimama wima, na hayo yote yakakwama.

"Ni binti wa Yasin," nikasema. "Si wangu. Mimi sina mtoto. Sijawahi kuwa na mtoto popote nilipopita. Nilisema vile kwa wivu."

Khadar akataka niape. Ustadh akaleta msahafu. Nikaapa, mbele ya watu niliokuwa nimewauzia mbuzi wenye kasoro nikiapa pia, na mmoja wao alikohoa, na nilijua kwa nini.

Khadar alikubali kiapo lakini akasema mtu mwingine amshike mwanawe mkono. Ustadh akakataa: baba aliniweka mimi, na wakili hawezi kujivua na kumpa mwingine bila ruhusa ya baba. Wakampigia Yasin. Simu imezimwa. Wakapiga tena. Imezimwa.

Basi wazee wakaanza kusema warudi Garissa, mambo yatazungumzwa siku nyingine. Sote tulijua siku nyingine haiko. Mtu akishatoka kwenye nikaha kwa neno kama lile, harudi, na msichana anabaki na lile neno maisha yake yote.

Sauti ya Zamzam ikatoka nyuma ya pazia. Haikuwa ya kulia.

"Baba Mkubwa."

"Naam, mama."

"Mama ndiye alikuwa hapa. Wewe na Baba mlikuwa wageni. Baba akikuja tunapika, wewe ukikuja tunapika, mkienda tunaosha vyombo. Sasa mnagombania nini? Funga hii ndoa niende kwangu."

Hakuna mtu alicheka. Lakini Mzee Khadar aliinamisha kichwa akajikuna shingo, na nikaona mabega yake yamelegea.

"Huyu mimi namtaka," akasema. Akauchukua mkono wa Nur akaurudisha kwangu.

"Nimekuozesha Zamzam binti Yasin," nikasema, "kwa uwakala wa baba yake, kwa mahari mliyokubaliana."

"Nimekubali," Nur akasema, kwa sauti ya mtu aliyekimbia.

Wanawake wakapiga vigelegele, vifupi. Pilau ikaletwa. Wakala, wakampa bibi harusi mawaidha, wakampakia kwenye gari. Akinipita alinibusu mkono kama kawaida. Macho yake yalikuwa yanamtafuta mamake.

Hapo nilidhani nimepona. Aibu nimeipata, haki yangu, lakini ndoa imefungwa na ukweli umesemwa. Nikachukua kiti nikaketi nje ya lango, kanzu bado mwilini.

Jua likielekea kuzama gari la Ndunda likarudi. Yasin akashuka. Hakuwa na sanduku. Sanduku lilikuwa limeshapanda ndege, yeye hakupanda.

Ndugu zangu, huyu ni mtu aliyeacha mama yetu kaburini siku ya tatu kwa sababu ya mechi ya fainali. Leo ameacha ndege.

Nikasimama nimwombe radhi. Akainua kiganja.

"Ya kwanza ningesema ni mdomo," akasema. "Ulirudia."

"Nilirudia. Ni wivu, Yasin. Nimeapa mbele ya watu, uliza Ustadh, uliza Khadar."

"Khadar nitamuuliza nini? Khadar hakuwa hapa wakati ule." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu wa ofisi. "Nakuuliza wewe. Ile Novemba kabla ya Zamzam kuzaliwa, nilikuja wiki chache tu, halafu nikarudi kazini. Wewe ulikuwa wapi?"

Mtu mwingine angejibu. Mtu aliye na kazi angesema nilikuwa kazini, aliye na mke angesema muulize mke wangu. Mimi nikaanza kutafuta. Nilikuwa Moyale. Au ilikuwa ule mwaka wa Isiolo, lori lilipokwama. Mtu wa kunishuhudia hayuko, kwa sababu kila nilipokaa nilikaa na watu wa njiani, na majina yao siwezi kuyakumbuka.

"Nilikuwa na mbuzi huko juu," nikasema.

"Hukupita hapa?"

Ningesema hapana, ingeisha. Lakini nilikuwa nimetoka kuapa na sikutaka kuharibu kiapo.

"Nilipita siku ya Idi," nikasema. "Kula na kuondoka."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa alichokuja kuchukua. Nikamwambia Yasin, mwangalie msichana, ana paji lako, ana miguu yako. Akaniambia sisi tumbo moja, kaka, hayo paji na miguu ni ya babetu.

Habiba alikuwa amesimama nyuma ya lango. Sijui alisikia toka wapi. Yasin alimwona. Nilisubiri amuulize, kwa maana angemuuliza, yule mwanamke angempa jibu la kumlaza chini, na yangeisha pale pale. Hakumuuliza. Alimsalimia, akaingia ndani akanawa uso, akala pilau iliyobaki akiwa wima jikoni. Akarudi kwenye gari; Ndunda hakuwa hata amezima injini.

Wivu niliobeba tangu utoto nilikuwa nimemvisha yeye, na ulimkaa kama kanzu aliyopimiwa.

Mnauliza iliishaje. Nitawaeleza ninavyojua.

Yasin alichelewa kufika. Siku ya mwisho ya kubadilishana ilipita akiwa angani, na yule mrushaji akachukuliwa na timu nyingine. Msaidizi wake sasa ndiye naibu meneja mkuu. Yasin bado yuko na timu ile ile. Wamempa kazi ya kuzunguka miji midogo kutazama vijana wanaorusha. Analala hotelini. Novemba hakuja, na Desemba hakuja. Pesa ya nyumba inafika.

Zamzam na Nur wako Garissa, na duka la dawa za mifugo wanaliendesha pamoja. Ana mimba. Anampigia babake kila Jumapili na babake anashika simu. Wanaongea juu ya mvua.

Mzee Khadar anakuja Machakos soko likiiva. Amepata dalali mwingine, Ndunda yule yule wa gari, ambaye mbuzi hamjui.

Mutindi anauza uji.

Habiba anakaa kwenye ile ghorofa peke yake. Alifunga mlango wa chumba cha uani kwa kufuli akanitolea mizigo yangu imefungwa vizuri, na chakula cha njiani. Tukikutana sokoni ananijibu salamu. Niliwahi kumwomba aniruhusu nimwandikie Yasin kwa niaba yake. Alisema hana jambo la kueleza.

Mimi niko Katelembo, kwenye shamba la wajomba. Nina mbuzi wangu wachache na chumba chenye bati. Kila Ijumaa baada ya swala nampigia Yasin. Inaita mpaka inakatika.